Watoto Wasio na Kitambulisho

Kitambulisho cha Rwanda kabla ya mwaka 1994 kilikuwa karatasi ngumu ya kukunjwa, na Mnyarwanda alikipata akifikisha miaka 16. Mbele palikaa picha na mstari wa kabila: Mhutu, Mtutsi, Mtwa au mgeni aliyepewa uraia. Ndani palikuwa na nafasi ya jina la mume au mke, kisha safu za kuandikia watoto: jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia. Mtoto mwenyewe hakuwa na karatasi yake. Kwa serikali, alikuwa mstari mmoja kwenye karatasi ya mzazi.

Mstari wa kabila, ambao Wabelgiji waliuanzisha miaka ya 1930, ndio uliokaguliwa vizuizini kuanzia Aprili 7, 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza. Kwa siku zipatazo 100 watu zaidi ya milioni 1 waliuawa, kwa hesabu ya serikali ya Rwanda. Makaburi ya halaiki yalipoanza kufunguliwa, karatasi ile ile ikageuka kuwa msaada. Mfuko wa suruali ukitoa kitambulisho, hata kilichooza nusu, marehemu alipata jina lake. Kwa mtoto hapakuwa na cha kutoa mfukoni.

Daftari za vizazi nazo zilikuwa na kasoro ya kutisha. Aliyezitunza kisheria alikuwa burgumesta, mkuu wa komini, na baadhi ya mabwana hao ndio walioongoza mauaji. Jean-Paul Akayesu, burgumesta wa komini ya Taba mkoani Gitarama, alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, Septemba 2, 1998. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Nani angekwenda ofisi ya mtu wa namna hiyo kuuliza mtoto fulani alikuwa wa nani?

Kazi hiyo ikawaangukia watu wasiosomea upelelezi: mashangazi, majirani, walimu wa darasa la kwanza, wanafunzi wa chuo, walezi wa vituo vya yatima. Kwa miaka zaidi ya 30 sasa, wao ndio wanaoifanya Kigali na kwingineko nchini, kwa walio hai na kwa waliokufa.

Walio hai ndio walioanza kutafutiwa kwao. Mashirika yaliorodhesha zaidi ya watoto 100,000 waliotengana na wazazi, ndani ya Rwanda na katika kambi za wakimbizi za Zaire, Tanzania na Burundi. Wengi walikuwa wadogo mno kujieleza, na desturi ya Kinyarwanda ya kutoa majina iliongeza ugumu. Mtoto hupewa jina siku ya nane, katika sherehe ya kwita izina, na jina hilo ni lake peke yake. Si la baba, si la babu. Ndugu watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano yasiyokutana popote. Basi mtoto wa miaka mitatu akisema anaitwa Mukamana, jina lililojaa nchi nzima, mwandishi wa orodha hajapata ukoo wala kijiji. Akiulizwa baba anaitwa nani, hujibu: Baba.

Maswali yenye faida yalikuwa madogo madogo. Nyumbani kuna ng'ombe? Maji mnachota wapi? Kengele ya kanisa inasikika? Nani alikubeba mgongoni? Jibu la neno moja, kama rangi ya mlango au jina la mbwa, lingeweza kumfanya mtu aliyeishi jirani ashtuke.

Mtaani Nyamirambo, upande wa Kigali ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya barazani na ya msikitini kwa vizazi kadhaa, kilikuwapo kituo cha yatima cha familia ya Gisimba. Kabla ya mauaji kililea watoto wapatao 65. Kufikia mwishoni mwa Juni 1994, watu wapatao 400 walikuwa wamejificha humo, wengi wao watoto, chini ya ulinzi wa mkuu wake, Damas Mutezintare Gisimba. Mmishonari Mwadventista Carl Wilkens, Mmarekani aliyekataa kuondoka Kigali wenzake walipohamishwa, aliwapelekea maji, na hatimaye wakahamishiwa kanisa la Saint-Michel siku chache kabla jiji halijatekwa Julai 4. Katika nyumba kama ile, kumbukumbu ya mlezi ndiyo iliyokuwa daftari: huyu aliletwa na mwanamke mwenye kanga ya kijani, yule aliokotwa kando ya barabara ya kwenda Butare. Mlezi akisahau, hakuna faili la kumkumbusha.

Redio nayo ikaingia kazini. Mwaka 1994 BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, na humo yalisomwa majina ya wanaotafutana kuvuka mipaka. Lakini redio humsaidia mwenye jina. Kwa asiye nalo, picha ilifaa zaidi. Katika kambi za Goma, Zaire, mpigapicha Seamus Conlan na mwenzake Tara Farrell walianza kuwapiga picha watoto mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na namba yake, na kuzibandika kwenye mbao ambapo wakimbizi walipita kuangalia. Mwaka 1996 mpigapicha Mfaransa mzaliwa wa Iran, Reza Deghati, alifanya mradi wa aina hiyo pamoja na UNICEF na Msalaba Mwekundu: picha zipatazo 12,000, na watoto wapatao 3,500 wakapata jamaa zao. Kamera ilikuwa ya mtaalamu. Jicho lililomtambua mtoto lilikuwa la mama aliyesimama mbele ya ubao, akizipitia nyuso mstari kwa mstari.

Kwa waliokufa, hata wataalamu walijikuta wakifuata njia hiyo hiyo. Mwanzoni mwa 1996 mahakama ya Arusha ilituma timu ya wanaanthropolojia, ikiongozwa na Mmarekani William Haglund, kufukua kaburi kando ya kanisa la Kibuye, ufukweni mwa Ziwa Kivu. Kaburi lilitoa miili karibu 500. Miongoni mwa wafukuaji alikuwamo Clea Koff, msichana wa miaka 23 ambaye mama yake ni Mtanzania. Baadaye aliandika kitabu The Bone Woman kuhusu kazi hiyo. Sayansi iliweza kusoma umri wa mtoto kwenye meno, tena kwa usahihi kuliko wa mtu mzima. Ila mifupa ya mtoto ambaye hajabalehe haisemi kwa uhakika kama alikuwa msichana au mvulana, na haisemi kamwe aliitwa nani. Timu ikazifua nguo, ikazitandaza na kuwaita manusura waje kutazama siku maalumu. Waliotambuliwa walikuwa wachache sana. Waliobaki kutambua wenyewe walikuwa wachache, kwa sababu familia nzima nzima zilikuwa zimelala pamoja kaburini. Mwezi Juni mwaka huo timu ilifukua pia Kigali, katika gereji ya Amgar.

Njia ya nguo ndiyo iliyotawala Kabuga, pembezoni mwa Kigali, mwaka 2018. Aprili ya mwaka huo, kwa kudokezwa, watu walianza kuchimba katika kata ya Rusororo, wilayani Gasabo, na kukuta mashimo ya maiti chini ya makazi ya watu. Nyumba zikabomolewa ili uchimbaji uendelee. Wachimbaji walikuwa wakazi wa kawaida wenye majembe na ndoo, chini ya uratibu wa Ibuka, umoja wa vyama vya manusura. Nguo zilizotoka shimoni zilikung'utwa udongo, zikafuliwa, zikaanikwa, na manusura wakatoka pande zote za jiji kuja kuzikagua.

Kukagua huko kuna ujuzi wake. Gauni la bluu la shule ya msingi halisaidii kitu, maana maelfu ya wasichana walivaa hilo hilo. Kinachosaidia ni mkono wa mtu: sweta lililofumwa nyumbani likaishiwa uzi mwekundu na kumaliziwa kwa uzi wa kahawia, upindo ulioshushwa mtoto alipokua, kiraka kilichokatwa kwenye kitenge ambacho shangazi bado analo kipande chake sandukuni. Anayekagua hageuzi tu upande wa nje. Anaingiza vidole kwenye mshono wa ndani, maana huko ndiko fundi wa nyumbani huacha alama yake. Mei 4, 2019, mabaki ya watu 84,437 kutoka eneo hilo yalizikwa kwa heshima kwenye kumbukumbu ya Nyanza, wilayani Kicukiro. Wengi wao walizikwa bila mtu kusema huyu ni nani.

Chanzo kingine cha majina kilikuwa midomo ya wauaji. Mahakama za kijamii za gacaca, zilizoanza kwa majaribio mwaka 2002 na kufungwa rasmi Juni 18, 2012, zilishughulikia kesi karibu milioni 2. Aliyetaka kupunguziwa adhabu alitakiwa kukiri yote, pamoja na mahali alipoitupa miili. Kwa njia hiyo baadhi ya familia zilijulishwa shimo lenye mtoto wao miaka kumi au zaidi baada ya tukio, na aliyewajulisha alikuwa jirani waliyekuwa wakisalimiana naye kila siku.

Mlimani Gisozi, katika Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali iliyofunguliwa Aprili 2004, wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Ukuta wa majina uliopo una sehemu ndogo tu ya majina hayo. Ndani kuna chumba cha watoto, na kilichoandikwa chini ya picha zao hakikutoka ofisi yoyote. Mvulana wa miaka 10 alipenda mpira wa miguu na kuchekesha watu, akataka kuwa daktari. Mwingine alipenda chakula fulani, au alikuwa na rafiki fulani. Maelezo hayo yalitolewa na jamaa waliosalia, pamoja na picha ambayo mara nyingi ndiyo pekee iliyonusurika.

Nje ya Afrika Mashariki, kisa kinachotajwa sana cha mtoto asiyejulikana ni cha mvulana aliyeokotwa ndani ya boksi Philadelphia, Marekani, Februari 1957. Mfanyakazi wa ofisi ya uchunguzi wa vifo, Remington Bristow, alimtafutia jina hadi uzeeni, mara nyingi kwa pesa yake mwenyewe. Jina lilipatikana Desemba 2022, Joseph Augustus Zarelli, kwa kulinganisha vinasaba vyake na vya watu walio hai, kisha kupanda mti wa ukoo tawi kwa tawi. Njia hiyo inahitaji ndugu, hata wa mbali, aliye hai na aliyekubali kupimwa. Argentina nako, mabibi wa Plaza de Mayo walianza mwaka 1977 kuwasaka wajukuu walioporwa na utawala wa kijeshi, wakisaidiwa baadaye na mtaalamu wa vinasaba Mary-Claire King, na wamewapata zaidi ya 130. Pale bibi alikuwapo, tayari kutoa damu.

Kigali mara nyingi hakuna bibi. Chama cha GAERG, cha manusura waliohitimu vyuo, kilizunguka nchi nzima kuhesabu familia zilizokwisha kabisa, baba, mama na watoto wote. Kilipata familia 15,593 zenye watu 68,871. Hesabu hiyo ilifanywa kwa kuwauliza majirani, kwa kuwa ndani ya nyumba hizo hapakubaki wa kujibu. Waliofanya kazi hiyo walilelewa na AERG, chama cha wanafunzi manusura kilichoanzishwa Chuo Kikuu cha Taifa, Butare, Oktoba 1996, ambamo wanafunzi waligawana kuwa baba, mama na watoto wa familia za kujiundia.

Swali la nani ni wa nani lilirudi serikali ilipoamua mwaka 2012 kufunga vituo vya yatima na kuwarudisha watoto katika familia. Wafanyakazi wa ustawi wa jamii walilazimika kuuliza upya maswali ya 1994. Kufikia hapo watoto wa wakati ule walikuwa watu wazima, na baadhi walianza kujitafutia wenyewe kwa simu. Mwaka 2020 mwanamke aliyekuwa na miaka miwili wakati wa mauaji aliweka picha zake mtandaoni. Mtu akaona sura ya ukoo wake. Kipimo cha vinasaba kilitoa uwezekano wa asilimia 82 kwamba ni ndugu, na ndipo alipojua jina alilopewa alipozaliwa. Asilimia hiyo si ya kushangaza: anayepimwa na mzazi hupata jibu karibu kamili, ila akipimwa na ndugu wa mbali zaidi, vinasaba wanavyochangia hupungua na uhakika hushuka.

Kufanana peke yake kunadanganya, na wanaotafuta wanalijua hilo. Paji la uso na pengo la meno huwafanya watu wawili wenye kiu ya ndugu waamini haraka. Ndiyo maana siku hizi wengi hupita maabara ya taifa ya uchunguzi wa jinai, Kacyiru, kabla ya kufanya karamu.

Ramani nayo imebadilika. Mageuzi ya utawala ya 2006 yalifuta mikoa ya zamani na kubadilisha majina ya miji: Butare ikawa Huye, Gitarama ikawa Muhanga, Kibuye ikawa Karongi. Mtu aliyeshika jina la komini tangu akiwa na miaka minne halioni tena kwenye kibao chochote, na kijana wa leo akilisoma hajui ni wapi. Anayeijua kazi hii huandika majina yote mawili, la zamani na jipya, kisha huongeza shule iliyokuwa karibu, parokia, na jina la yeyote aliyekuwa na duka au gari kijijini, kwa sababu mwenye gari wa mwaka 1994 bado anakumbukwa na wazee wa pale.