Mwendo Hupimwa Kutoka Wapi?

Mfasiri wa kitabu cha fizikia hukwama mapema pale anapotakiwa kueleza kwamba mwendo wa kitu hauna maana mpaka litajwe pia pale unapopimiwa. Hata hivyo, dhana yenyewe si ngeni kwetu. Majina ya pande nne za dunia ni ushahidi. Mashariki na magharibi yametoka katika Kiarabu, nayo yanahusu kuchomoza na kuchwa kwa jua. Kaskazini na kusini yanafungamana na pepo za kaskazi na kusi. Nahodha aliutaja upepo kwa upande unakotoka, bali chombo alikitaja kwa bandari kinakokwenda. Kwa hiyo mwalimu anayeandika “upepo wa kaskazini” hana budi kuchora mshale unaoelekea kusini.

Sigi, chini ya Amani katika Usambara Mashariki, ilikuwa stesheni ya mwisho ya reli nyembamba iliyojengwa wakati wa Wajerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, kutoka Tengeni. Mbao ndizo zilizoipa kazi. Reli haipo tena; nyumba ya stesheni ingalipo. Tuseme garimoshi lilipanda kwa kilomita 15 kwa saa, na abiria akatembea ndani ya behewa kurudi nyuma kwa kilomita 4 kwa saa. Kwa aliyeketi behewani, mtu huyo anaelekea Tengeni. Kwa mkulima aliyesimama kando ya reli, anakwenda Sigi kwa kilomita 11 kwa saa. Wote wawili wamesema kweli. Galileo alilieleza jambo hili mwaka 1632 kwa mfano wa watu waliomo ndani ya chumba cha merikebu. Einstein mwaka 1905 akaonyesha kwamba hata muda huhusika.

Tuiite nini basi? “Fremu” humkumbusha mwanafunzi picha na mlango. “Msimamo” umekwisha kuchukuliwa na siasa, na tena mpimaji mwenyewe huenda yumo mwendoni. Neno la hatari zaidi ni “mtazamo”, kwani mtoto aliyejifunza sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi ataingia sekondari akidhani kwamba kilomita 11 na kilomita 4 ni maoni ya watu wawili. Hayo si maoni, ni vipimo. Mimi napendelea “mfumo wa rejea”: mfumo, kwa sababu una mihimili na saa yake, rejea, kwa sababu kila kipimo hurudishwa kwake. Na maswali ya mtihani yasiishie kwenye “kilomita 15 kwa saa”, bali yaongeze “kwa kurejea ardhi”.