Mwenye Gari Aliyeshika Usukani Mwenyewe

Mgeni akitajiwa Kwale huwaza mchanga mweupe wa Diani na mbega wanaovuka barabara kwa madaraja ya kamba. Hakumbuki kwamba kaunti hii hupanda hadi nyikani, ikapita Kinango na kufika Samburu, Taru na Mackinnon Road. Mbio za Safari Rally ziliijua Kwale hiyo ya pili. Zilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, na kwa muda mrefu zilifanyika wakati wa Pasaka. Kila njia iliposhushwa hadi Mombasa, magari yalikatiza nyika ya Taru. Kukiwa kukavu, ni vumbi jekundu la kuziba pua. Mvua ikianguka, ni tope la kumeza magurudumu.

Wazee wa huko waliosimama kando ya njia walijifunza majina ya madereva: Joginder Singh, Shekhar Mehta, Björn Waldegård. Hakuna aliyejifunza jina la mwenye gari. Magazeti nayo hayakumtaja sana, kana kwamba gari lilijinunua, likajiajiria mafundi na kujisajili mbioni.

Ajabu ni kwamba sisi watu wa barabara ya Likoni–Lunga Lunga tunajua vizuri sana kumpima mwenye gari. Kaa steji ya Ukunda saa moja tu, karibu na zile matatu tunazoziita nissan ingawa nyingi zimeandikwa Toyota, usikilize madereva. Kuna mwenye gari anayejua hesabu tu: jioni pesa zake zifike, iwe mvua imenyesha au feri imekwama. Kuna mwingine aliyewahi kuendesha mwenyewe, anayejua springi ya nyuma ikilia maana yake nini. Huyo wa pili si lazima awe mpole. Lakini akigomba, dereva husikiliza.

Kwa kipimo hicho nataka kumtazama Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro Toyoda aliyeanzisha kampuni ya Toyota. Aliiongoza kampuni hiyo akiwa rais tangu Juni 2009 hadi Aprili 2023. Timu yake ya mbio ilirudi Kenya mwaka 2021 na ikashinda. Je, sifa ni zake?

Tuanze kabla yake, maana kuna mtu aliyemtangulia ambaye Pwani ilimwona kwa macho. Ove Andersson, Mswidi, alishinda Safari mwaka 1975 akiendesha Peugeot 504. Baadaye hakuja tena kama dereva wa kuogopwa. Alikuja kama kiongozi wa Toyota Team Europe, timu aliyoijenga Brussels kisha akaihamishia Cologne, Ujerumani. Makao makuu yalikuwa Japani, mbali. Maamuzi ya barabarani yalikuwa ya Andersson, na Andersson aliijua Safari kwa mgongo wake mwenyewe.

Ilionekana katika matayarisho. Helikopta ilitangulia mbele kutazama ng'ombe, punda na malori njiani, ikamwarifu dereva kwa redio. Magari ya mafundi yalisubiri porini yakiwa na ekseli, shokomzoba na matairi. Gari lenyewe lilifungwa vyuma vya mbele vya kukinga mnyama, na bomba la kuvutia hewa likapandishwa hadi usawa wa paa ili injini isinywe maji ya mto. Mwaka 1984 Waldegård alishinda kwa Celica Twin Cam Turbo. Mwaka uliofuata akashinda kijana wa Kifini, Juha Kankkunen, ambaye ilikuwa Safari yake ya kwanza. Waldegård akarudia 1986, na tena 1990 akiwa na miaka 46. Carlos Sainz akafuata 1992. Mwaka 1993 Toyota ilichukua nafasi nne zote za mwanzo: Kankkunen, Markku Alén, Mkenya Ian Duncan na Yasuhiro Iwase. Mwaka 1994 Duncan akashinda yeye.

Halafu likaja doa. Mwishoni mwa 1995, katika mbio za Catalunya huko Uhispania, wakaguzi waligundua kwamba kifaa cha kubana hewa inayoingia kwenye turbo kilikuwa kimechezewa, kwa ufundi wa hali ya juu mno kiasi cha kumshangaza hata rais wa wakati huo wa FIA, shirikisho linalosimamia mbio za magari duniani, Max Mosley. Timu ilinyang'anywa pointi zote na kufungiwa miezi 12. Mwenye kumsifu Andersson kwa ushindi wa Safari hana budi kumwandikia na hili. Gari likikamatwa na trafiki, haisaidii kusema ni makanga aliyejaza abiria.

Toyota ilirejea, ikatwaa ubingwa wa watengenezaji mwaka 1999, kisha ikaacha rally ikafuata pesa na fahari ya Formula One. Hapo ndipo tunapomwona mwenye gari wa hesabu. Tangu 2002 hadi 2009 timu ilikaa Cologne, karakana kubwa, bajeti miongoni mwa kubwa kabisa za mchezo ule, na maamuzi makubwa yakisubiri wakurugenzi. Misimu minane haikuleta ushindi hata mmoja. Jukwaani walipanda mara 13, daima ngazi ya pili au ya tatu. Andersson aliyeianzisha safari hiyo alipishwa kando mapema, na akafariki mwaka 2008 katika mbio za magari ya zamani huko Afrika Kusini.

Akio Toyoda alishika urais kampuni ikiwa imetangaza hasara yake ya kwanza ya mwaka baada ya miongo mingi. Tarehe 4 Novemba 2009, miezi mitano tu baadaye, alitangaza kwamba Toyota inajitoa Formula One. Kiongozi wa timu, Tadashi Yamashina, alilia mbele ya waandishi wa habari. Wengi waliuona uamuzi ule kuwa wa mhasibu asiyependa magari.

Kumbe aliyekuwa akitangaza alikuwa dereva. Miaka kadhaa nyuma, dereva mkuu wa majaribio wa kampuni, Hiromu Naruse, alikuwa amemwambia wazi kwamba asiyejua kuendesha asitoe maoni juu ya magari. Mwana wa ukoo wenye kampuni akaukubali ukweli huo, akawa mwanafunzi. Mwaka 2007 wawili hao waliingia mbio za saa 24 za Nürburgring, Ujerumani. Kampuni haikuwaruhusu kutumia jina la Toyota, basi wakajiita Team Gazoo, na Akio akajiandikisha kwa jina la Morizo. Magari yao yalikuwa Altezza mbili zilizokwishatumika. Msomaji wa Msambweni aliyenunua Probox yake bandarini ikiwa na maili za Wajapani wengine atanielewa: makamu wa rais wa Toyota aliingia mbioni kwa mtumba.

Naruse alikufa katika ajali ya barabarani karibu na Nürburgring mwezi Juni 2010. Mwanafunzi wake hakuacha kuendesha.

Hapa ndipo ninapompa Toyoda alama zake nyingi, kuliko kwenye vikombe. Alipoamua kurudi kwenye rally, tangazo lilitoka Januari 2015 na gari likaingia mbioni 2017. Katikati hapo hakumtafuta meneja wa vitabu. Alimpa timu Tommi Mäkinen, bingwa wa dunia mara nne, mshindi wa Safari ya 1996 na ya 2001 akiwa na Mitsubishi. Mäkinen aliijenga karakana Ufini, kijijini kwao karibu na Jyväskylä, mbali na macho ya wakurugenzi, na katika mbio za pili tu, Uswidi, Jari-Matti Latvala akashinda. Mäkinen alipoondoka, kiti kikapewa Latvala huyohuyo mwaka 2021. Yaani kati ya rais na dereva, Toyoda aliweka dereva.

Jambo la pili ni Takamoto Katsuta. Kampuni ilimchukua kijana huyo katika mpango wa mafunzo ulioanza 2015, ikampeleka Ufini, ikavumilia miaka ya kugonga na kupinduka. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwezi Juni 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, Thierry Neuville wa Hyundai aliamka Jumapili akiongoza. Katika kipande cha Loldia, Naivasha, shokomzoba ya gari lake ikafa. Katsuta akajikuta mbele ya kila mtu, akiwania ushindi na mwenzake Sébastien Ogier. Ogier alishinda, Katsuta akawa wa pili, na ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda jukwaani. Mwaka uliofuata Toyota ilichukua nafasi nne za mwanzo, jambo ambalo haikulifanya Kenya tangu 1993: Kalle Rovanperä, Elfyn Evans, Katsuta, Ogier. Mwaka 2023 ikalirudia.

Sisemi Toyoda hana lawama. Bosi anapokuwa pia dereva na sura ya matangazo, ni nani kazini atakayethubutu kumpinga? Wakati timu ikivuna vikombe, kampuni tanzu ya Daihatsu ilifichuliwa mwaka 2023 kwamba ilighushi majaribio ya usalama, na katikati ya 2024 Toyota yenyewe ikakiri dosari katika vyeti vya baadhi ya magari yake. Toyoda, wakati huo akiwa mwenyekiti, aliinama hadharani kuomba radhi. Jicho lililoona springi ya rally halikuona karatasi za kiwanda.

Rafiki yangu mmoja ni fundi, gereji yake iko nyuma ya barabara kuu hapa Ukunda. Jioni moja, akiwa amelala chini ya Hiace, nilimsimulia habari za mbio za Le Mans. Mwaka 2016 gari la Toyota lilizimika likiongoza, zikiwa zimebaki dakika chache katika saa 24. Mwaka uliofuata Toyoda akaenda mwenyewe kutazama, magari yakaharibika tena, naye akawaomba radhi madereva kwa kuwa hakuwapa gari la kuendesha kwa uwezo wao wote. Fundi alijivuta nje taratibu, akaweka spana chini. Aliniuliza kama huyo mwenye gari bado anaajiri.