Kiwavi na Msitu
Kiwavi ni adui wa shamba. Lakini huko Gede, katika pwani ya Kenya, alifanywa mlinzi wa msitu. Mradi wa Kipepeo ulianzishwa huko mnamo mwaka 1993, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Mkulima alimtia kipepeo jike katika kizimba cha wavu ili atage. Viwavi wakalishwa majani hata wakajifungia ndani ya maganda, nayo yakauzwa Ulaya na Marekani yangali hai. Kwa kuwa mbegu ilitoka msituni, kuufyeka msitu kulikuwa kujinyima riziki. Wanavijiji wa Amani, Usambara Mashariki, wakaishika kazi hiyo pia. Lakini mwaka 2016 Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na maganda ya Amani yakakosa mnunuzi. Msitu ukabaki pale pale, umepungukiwa sababu moja ya kulindwa na jirani zake.