Kamera Inayoruhusiwa kwenye Roboti za Mashindano ya Wanafunzi: Mambo ya Kuzingatia kwa Shule za Shinyanga na Geita

Shule inaweza kuunda roboti kwa miezi kadhaa, ikaifikisha uwanjani ikiwa imara, kisha ikazuiwa kushindana kwa sababu ya kamera moja isiyokubalika. Ukaguzi hufanyika kabla ya mchezo wa kwanza, na mkaguzi haangalii bei ya kifaa wala uzuri wa picha zake. Huangalia iwapo kimo ndani ya kanuni. Kwa shule za Shinyanga na Geita, ambako fedha za vifaa hivyo aghalabu huchangwa, kosa hilo ni hasara isiyorudi.

Suala hili linazidi kuwa na uzito tangu utekelezaji wa mitaala mipya ulipoanza Januari 2024, kwa kuzingatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, inayotilia mkazo ujuzi na mkondo wa amali.

Katika mashindano ya FIRST Tech Challenge, yaliyo chini ya taasisi ya FIRST iliyoanzishwa Marekani mwaka 1989, roboti hujiendesha yenyewe kwa sekunde 30 kabla ya wanafunzi kuiongoza kwa dakika mbili. Kamera huhitajika zaidi katika sekunde hizo 30. Husoma alama za AprilTag, yaani miraba ya rangi nyeusi na nyeupe iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Michigan, na kuijulisha programu namba ya alama, umbali wake na pembe yake.

Kamera ya kawaida ya kompyuta yenye waya wa USB hukubalika humo ilimradi inafuata kiwango cha UVC. Dalili nzuri ya kiwango hicho ni kwamba kamera hufanya kazi mara tu inapochomekwa kwenye kompyuta, bila kusakinisha programu ya ziada. Kamera zinazorusha picha kwa Wi-Fi ziepukwe. Aina za Logitech C270 na C920 zina faida moja kubwa: vipimo vya lenzi zake tayari vimo ndani ya programu ya mashindano, hivyo timu haianzi kuvitafuta yenyewe. Kwa timu changa, C270 yatosha. Pikseli nyingi zaidi humaanisha kazi nyingi zaidi kwa kichakataji, na roboti huchelewa kuamua.

Uhalali wa kamera katika shindano moja hauhami nayo kwenda jingine. Katika kundi la Future Engineers la World Robot Olympiad, gari dogo linalojiendesha hupita kulia kwa nguzo nyekundu na kushoto kwa nguzo ya kijani. Timu huko ina uhuru mpana wa kuchagua vifaa, hata kamera ya Raspberry Pi. Kompyuta hiyo hairuhusiwi kuongoza roboti ya FIRST Tech Challenge.

Mazingira nayo yana neno lake. Vumbi la kiangazi huganda kwenye lenzi, na jua kali la dirishani hubadilisha rangi ambazo programu ilifundishwa asubuhi. Kamera ifungwe mahali pasipotikisika, lenzi ifutwe kwa kitambaa laini kabla ya kila mchezo, na muda wa lenzi kupokea mwanga upunguzwe hadi milisekunde chache ili picha isivurugike roboti ikiwa mwendoni. Majaribio yafanyike asubuhi, mchana na jioni, siyo darasani chini ya taa pekee.

Kanuni za FIRST Tech Challenge hutolewa upya kila msimu, kwa kawaida mwezi Septemba. Walimu wanashauriwa kusoma toleo la msimu husika kabla ya kuidhinisha ununuzi, na kwenda kwenye ukaguzi na karatasi ya mtengenezaji inayoonesha kiwango cha kamera, pamoja na namba ya kanuni inayoiruhusu.