Uvumi na Kauli Rasmi: Arua 2018 na Urithi Wake kwa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu

Mijadala kuhusu habari potofu miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Uganda huanzia, aghalabu, kwenye simu ya mwanafunzi. Historia ya Nile Magharibi inadai mwanzo mwingine.

Tarehe 1 Julai 2018 Serikali ilianza kumtoza kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii shilingi 200 kwa siku. Rais Museveni alikwishalalamikia hasara ya umbeya wa mitandaoni. Wengi waliikwepa kodi hiyo kwa programu za VPN. Wiki sita baadaye, Agosti 13, wakati wa kampeni za uchaguzi mdogo wa Manispaa ya Arua ulioitishwa baada ya kuuawa kwa mbunge Ibrahim Abiriga, dereva wa Robert Kyagulanyi (Bobi Wine), Yasin Kawuma, alipigwa risasi akafa. Kyagulanyi mwenyewe ndiye aliyeutangazia umma kifo hicho kupitia Twitter. Alikamatwa. Jamaa na mawakili wake walisema ameteswa. Rais alikanusha kuwapo majeraha makubwa, akavilaumu vyombo vya habari kwa uongo. Kyagulanyi alipofikishwa mahakamani Gulu mwezi huohuo, alionekana akichechemea. Kassiano Wadri, naye, alitangazwa mshindi akiwa kizuizini.

Kwa kijana aliyekuwa akisoma Arua wakati huo, katika Chuo Kikuu cha Muni au kwingineko, ujumbe uliosambazwa na rafiki ulikuwa umekaribia ukweli kuliko taarifa ya ofisi kuu. Si ajabu basi kwamba aliuamini pia ujumbe uliofuata, hata ulipokuwa wa uongo mtupu.

Januari 2021 Facebook iliondoa akaunti bandia ilizozihusisha na Wizara ya Habari na Mawasiliano ya Uganda. Serikali ilijibu kwa kuufunga mtandao huo, kisha ikazima intaneti yote katika mkesha wa uchaguzi wa Januari 14. Huko Koboko, ambako Wakakwa wana ndugu Yei na Kongo, njia nyepesi ya kuulizana kuvuka mpaka ilikatika, yakabaki maneno ya wasafiri.

Marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta yalimlenga msambazaji. Hayakuwa na kifungu kinachomlazimu msemaji wa ofisi ya umma kusahihisha kauli yake inapothibitika kuwa si kweli, na hapo ndipo imani ya wanafunzi wa Arua ilipovunjikia.