Oili ipi inafaa kwa gari lenye turbo mjini Kampala?

Eneo la Kyebando, kaskazini mwa Kampala, limekatwa na Northern Bypass, barabara ya kilomita 21 inayounganisha Bweyogerere na Busega. Dereva atokaye katikati ya mji huvumilia msongamano wa Kalerwe, kisha ghafla hujikuta kwenye barabara pana inayomshawishi kukanyaga mafuta. Kwa mwenye Subaru Impreza WRX, au gari jingine la kasi lenye turbo, safari hiyo fupi ni mtihani mkubwa kwa oili ya injini. Katika foleni joto hujikusanya chini ya boneti, na dakika chache baadaye turbo hutakiwa kufanya kazi kwa nguvu zake zote.

Gurudumu la turbo linaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, huku upande wake mmoja ukipigwa na moshi wa moto mkali utokao kwenye silinda. Ekseli yake huelea juu ya utando mwembamba wa oili, na oili hiyohiyo ndiyo inayosaidia kuipoza. Utando ukikatika hata kwa sekunde chache, chuma husaga chuma. Baada ya mwendo wa kasi inafaa dereva aendeshe polepole kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzima injini, ili oili isiungulie ndani ya turbo na kuacha masizi.

Madereva na mafundi wengi huamini kwamba nchi ya joto inahitaji oili nzito, na kwamba injini iliyozeeka inahitaji nzito zaidi. Imani hiyo ina ukweli nusu tu.

Namba zilizoandikwa kwenye kopo, kwa mfano 5W-40, hufuata vipimo vya SAE, chama cha Kimarekani cha wahandisi wa magari kilichoanzishwa mwaka 1905. Namba ya kwanza, yenye herufi W, hueleza jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Namba ya pili hueleza uzito wake ikifika nyuzi joto 100. Kipimo cha uzito huo huitwa sentistoki: oili ya 30 huwa kati ya 9.3 na 12.5, ya 40 kati ya 12.5 na 16.3, na ya 50 huanzia 16.3 hadi 21.9. Madaraja hayo yamepakana, kwa hiyo oili ya 30 iliyo nzito na ya 40 iliyo nyepesi zinaweza kukaribiana sana.

Kwa kuwa Kampala haina majira ya baridi, wengine huipuuza namba ya kwanza. Hapo ndipo wanapokosea. Kwa injini, asubuhi ya nyuzi joto 20 bado ni baridi. Katika hali hiyo oili ya 20W-50 huwa nzito zaidi ya mara kumi kuliko inapokuwa moto, hivyo hukawia kufika kwenye turbo. Sehemu kubwa ya uchakavu hutokea katika dakika hizo za mwanzo, kabla injini haijapata joto.

Jambo la kwanza, basi, ni kusoma kitabu cha gari au kibandiko kilicho chini ya boneti. Magari mengi ya Uganda huagizwa yakiwa yametumika Japani, na tangu mwaka 2018 sheria inazuia kuingiza yaliyofikisha umri wa miaka 15. Kibandiko huenda kimeandikwa Kijapani, lakini tarakimu ni zilezile kwa kila msomaji. Vitabu vya WRX za mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa soko la Marekani vilitaja 5W-30 kwa matumizi ya kawaida, vikaruhusu nzito zaidi kwa maeneo ya joto kali au kazi nzito. Kampala, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, si jangwa. Joto linaloitesa oili hapa hutokana na foleni na mguu wa dereva.

Kwa msingi huo, anayeendesha kwa utulivu hana sababu ya kuacha daraja lililotajwa na kiwanda. Anayekimbia mara kwa mara, ikiwa kitabu kinaruhusu, anaweza kupanda hadi 5W-40 ya sintetiki, ambayo hufika upesi asubuhi na hubaki na nguvu ikiwa moto. Kutia 20W-50 ili kunyamazisha mlio au kuzuia moshi ni kuahirisha matengenezo. Magari ya mashindano ya Pearl of Africa Rally nayo si kielelezo: injini zao hukaguliwa mara nyingi kuliko gari la kwenda kazini.

Kopo pia huonyesha daraja la ubora la API. SP, lililoanza mwaka 2020, limepita SN la mwaka 2010, na lina faida ya pekee kwa injini za turbo zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama FA20 ya baadhi ya Subaru Forester, kwa kuwa hupunguza milipuko ya mapema inayoweza kuvunja pistoni.

Haya yote hayafai kitu ikiwa kilichomo ndani si oili halisi. Makopo matupu yanaweza kujazwa upya, kwa hiyo ni busara kununua kwa muuzaji anayefahamika na mwenye kutoa risiti, kukagua kifuniko, na kutoboa kopo baada ya kulimaliza.

Nchini Japani ushauri wa kawaida kwa petroli yenye turbo ni kubadilisha oili kila kilomita 5,000 au miezi sita, na nusu ya hapo kwa matumizi magumu. Foleni ya kila siku ni matumizi magumu. Injini ya EJ20 hubeba takriban lita nne tu, na baadhi hula oili zikikimbizwa. Zikipungua, oili inaweza kuhama kwenye kona kali na pampu ikavuta hewa. Kijiti cha kupimia kichunguzwe kila mara ya pili gari linapojazwa mafuta, likiwa limesimama mahali tambarare.

Wakati wa kubadilisha, fundi anaweza kuombwa aikate filta ya zamani na kuikunjua karatasi yake. Chembe zinazong'aa ndani yake ni dalili kwamba metali za krenki zinalika, na gari hilo lisiendeshwe tena mpaka injini ifunguliwe.