Somo la Jazi kwa Kidato cha Tatu

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, mwaka jana mwalimu wa historia wa shule yetu aliniomba nizungumze na vijana wa kidato cha tatu juu ya Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani. Nikaona heri niwape habari za muziki wa jazi, maana habari za minyororo walikwisha kuzisikia. Nikafika na karatasi zangu, kama ilivyo desturi yetu sisi watu wa maofisini: majina, mahali na tarehe.

Nilianza na santuri ya kwanza ya jazi, iliyorekodiwa New York tarehe 26 Februari 1917. Wapigaji walikuwa Wazungu watano, Original Dixieland Jass Band. Sijamaliza kuandika ubaoni, kijana mmoja wa nyuma akasimama. "Samahani mzee, kwa hiyo jazi ni ya Wazungu?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia asubiri, tutafika huko; kengele ikalia kabla hatujafika. Nilirudi nyumbani na aibu. Kazi yangu ni ya majalada, na kwetu kisichomo jaladani hakikutokea. Nilikuwa nimewafundisha watoto hivyo hivyo.

Mwalimu aliniruhusu kurudi. Safari hii nilianza na Buddy Bolden, Mweusi aliyezaliwa New Orleans mwaka 1877, mpiga koneti, ndugu yake tarumbeta. Kufikia mwaka 1900 hivi sifa zake zilikuwa zimeenea mjini. Alipatwa na ugonjwa wa akili, na mwaka 1907 akapelekwa hospitali, akakaa huko mpaka kufa kwake mwaka 1931. Hakuna santuri yake hata moja inayojulikana. Ipo picha moja tu akiwa na wenzake. Lakini wanamuziki waliomsikia walimsimulia maisha yao yote. Je, huo si ushahidi? Vijana walibishana nusu ya kipindi, nami nikanyamaza.

Wengi wao walidhani jazi ni ile ya Morogoro Jazz. Ikabidi nieleze kwamba bendi zetu zilichukua jina, lakini mapigo yao mengi yalikuwa ya rumba ya Kuba na Kongo. Mfano ulio karibu zaidi ni beni. Miaka ile ile ya 1890, watu wa Lamu na Mombasa walitwaa mtindo wa bendi za askari wakaufanya ngoma yao, na huko New Orleans Weusi walikuwa wakipiga matarumbeta ya namna hiyo kwenye maandamano na mazishi. Mmoja hakumwiga mwenzake. Wote wawili walichukua chombo cha mkubwa wakakisemesha lugha yao.

Nao walikuwa na haja ya kusema. Mwaka 1896, kwa kesi iliyotoka Louisiana kwenyewe, Mahakama Kuu ya Marekani ilihalalisha kuwatenga Weusi katika mabehewa ya treni. Machotara wa New Orleans, wengi wao wasomi wa noti za muziki, walijikuta upande mmoja na Weusi waliopiga kwa kusikia tu. Wanahistoria wengi huona kwamba mkutano huo uliilea jazi, ingawa mimi nasita kuishukuru sheria mbovu kwa lolote.

Mwisho niliwachezea King Oliver na kundi lake, waliorekodi Richmond, Indiana, mwezi Aprili 1923. Hapakuwa na maikrofoni. Walilipigia pembe kubwa lililokusanya sauti. Kijana Louis Armstrong, mwenye umri wa miaka 21, alikuwa koneti ya pili. Darasa lilitulia. Yule wa nyuma aliomba irudiwe, kisha akauliza kama shule yetu imewahi kuwa na bendi.

Nikamwambia ndiyo, wakubwa zetu walituhadithia. Akauliza iko wapi sauti yake. Stoo kuna tarumbeta moja lililobonyea, na katika majalada ya shule sikuona hata ukurasa mmoja. Basi, aliyepiga, au aliyecheza akiipigiwa, aniandikie kwa mkono wa mhariri: majina ya wapigaji, nyimbo, na nani alilibonyeza lile tarumbeta.